Sentensi Niliyoikata: Safari ya Umeå kwa Mvua ya Machi

Tangu nirudi, haijapita siku bila mmoja wenu kuniuliza kulitokea nini barabarani. Nimewajibu kwa vipande: huyu nimempa habari ya soksi, yule habari ya malori ya mchanga, na mmoja, ambaye ananijua kuliko wengine, nimemwambia tu kwamba sitaki kuzungumza. Sasa nasikia vipande hivyo vimekutana bila mimi kuwapo na vimezaa hadithi ambayo ndani yake mimi ni shujaa. Hilo siwezi kuliacha liendelee. Naandika yote mara moja, kwa mpangilio wa njia yenyewe. Mtanisamehe nikipima jambo moja mara mbili. Nikisikia mvua dirishani bado huinuka na kwenda kutazama lami.

Kwa wale wasiomo katika kundi letu la simu, yafaa nieleze kwanza kazi niliyojitwika. Mimi nasomea maji: namna theluji inavyoyeyuka na kuingia mitoni. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea, nimekuwa kila siku nikisoma utabiri wa hali ya hewa wa nchi hii nzima ya Waswidi kwa siku mbili zijazo, kisha nauandika kwa Kiswahili kwa ajili ya jamaa tunaokutana kanisani Sundbyberg siku za Jumapili: Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, Waganda, na sisi Watanzania wachache. Mwanzoni niliandika kwa kirefu. Mama Consolata ndiye aliyenisimamisha mlangoni mwa kanisa na kuniambia, mbele ya watu, "Mwanangu, wewe unatuandikia nyaraka za Mtume Paulo. Sisi tunataka kujua tuvae koti gani." Watu walicheka, nami nikacheka nao. Kuanzia hapo nikajiwekea sheria: mistari minne, isizidi.

Flemingsberg hadi Sundbyberg

Mama Consolata anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Binti yake wa pekee, Bella, anaishi Umeå, kaskazini, mwendo wa saa saba kwa gari njia ikiwa nzuri. Bella alikuwa mjamzito, na madaktari walikuwa wamepanga kumzalisha kwa upasuaji Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mumewe ni baharia; meli yake ilikuwa mbali na asingeweza kurudi kabla ya majuma mawili. Ujauzito wa kwanza wa Bella uliharibika katika mwezi wa saba, na siku ile mama yake alikuwa zamu. "Niliwaosha wazee wa watu," Mama Consolata aliniambia wakati mmoja, bila kulia, "na wangu alikuwa peke yake." Safari hii Bella aliomba jambo moja tu: wakimpitisha katika mlango wa chumba cha upasuaji, mama yake awe amesimama hapo.

Jumanne jioni alinipigia simu Mzee Nestori, kaka yake Mama Consolata, ambaye kwa miaka mingi anaunganisha malori kiwandani Södertälje.

"Binti, wewe ndiye unajua mambo ya juu. Tupande treni ama nitoe gari?"

Nilifungua utabiri. Ulisema kwamba hewa ya vuguvugu inaingia kutoka kusini-magharibi, kwamba baridi italegea nchini kote, kwamba mvua itapanda polepole kufuata pwani, na kwamba joto litakuwa juu ya sifuri hata Umeå. Kisha, mwishoni, kulikuwa na sentensi hii, ambayo sasa naijua kwa moyo: ardhi bado imeganda, na mvua inaweza kugeuka barafu mara inapogusa barabara, hasa pwani kaskazini ya Gävle.

Niliisoma. Nataka hilo lieleweke. Niliisoma, nikaona kwamba ningeiweka ningefika mstari wa sita, na nikajiambia kuwa neno "inaweza" ni la tahadhari ya kawaida. Nikaandika kundini: "Baridi inapungua. Kesho mvua kidogo kuelekea kaskazini, hakuna theluji. Joto juu ya sifuri hadi Umeå. Heri kwa wasafiri." Nikamwambia Mzee gari litafaa.

Majibu yalimiminika. Amina. Amina. Mungu ametusikia. Mvua ni baraka. Nani kati yetu hakukulia mahali ambapo msafiri akianza safari na manyunyu huambiwa ana bahati? Hata mimi, ninayelipwa posho kuijua mvua, nilifurahi. Mama Consolata alikuwa ameniomba niandamane nao, kwani Kiswidi chake kinatosha kwa wazee na mashuka, lakini si kwa madaktari wa upasuaji. Nikafunga begi.

Mzee alinichukua Flemingsberg saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya maandazi.

"Viatu vyako vina meno?" nilimwuliza, kwa maana majira yote ya baridi yeye huvaa chini ya viatu mpira wenye miiba ya chuma.

"Nimeyaacha yakining'inia msumarini. Si umesema hakuna theluji?"

Nilijibu, "Ni kweli, Mzee, hakuna."

Sundbyberg hadi Gävle

Mama Consolata alikuwa amesimama nje ya jengo lao akiwa na kitenge kipya kilichokunjwa, chupa mbili za chai, na mfuko wa unga wa mtama wa kilo kumi. Kwao, mama wa mzazi hafiki mikono mitupu. Huleta unga, hupika uji mwenyewe, na mzazi hunywa uji huo ili maziwa yashuke. Mzee aliunyanyua mfuko akaguna.

"Konsolata, huko Umeå hakuna duka?"

"Kuna duka. Hakuna mtama wangu."

"Utamnyonyesha mtoto ama utajenga nyumba?"

"Wewe endesha. Kazi yako ni usukani."

Uppsala ilipita kukiwa bado giza. Mvua ilianza baada ya hapo, nyembamba, ya kimya. Mama alifungua dirisha kidogo, akatoa vidole nje, akavirudisha na kuvipaka kwenye paji la uso. Walianza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kirundi, yeye sauti ya juu na kaka yake sauti ya chini, na mimi nikasinzia. Naikumbuka saa ile kwa uchungu kwa sababu ilikuwa njema sana.

Bella alipiga simu. Kama kawaida yake alizungumza Kiswidi, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo wameongea tangu Bella alipoanza shule. Alitaka kujua tuko wapi. Mama akamwambia tuko katika baraka tupu, na kwamba leo jioni atamsuka.

Gävle tulisimama kujaza mafuta. Mzee mmoja wa Kiswidi, mwenye mbwa mdogo na miiba ya chuma chini ya viatu, alimtazama Mzee Nestori akifuta kioo.

"Mnaenda mbali?"

"Umeå. Binti anajifungua."

Yule mtu akatazama anga, akatazama viatu vya Mzee, akamtazama mbwa wake. "Leo siyo siku ya kwenda mbali," akasema kwa upole, kama mtu anayetoa maoni juu ya rangi ya pazia.

"Na kesho je?" Mzee akauliza akicheka.

"Kesho ni siku nzuri."

Mzee alirudi garini akitikisa kichwa. "Hawa watu wanaogopaka mvua kama vile wao ni chumvi."

Mama alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilifungua simu, nikasoma utabiri upya. Ile sentensi ilikuwa imetoka mwishoni na kupanda juu, na neno "inaweza" limeondolewa. Nilianza kufanya kile ambacho mnakijua na mnakichukia. Nilihesabu: hewa nyuzi moja na nusu juu ya sifuri; usiku uliopita mawingu, kwa hiyo ardhi haikupoteza joto sana; barabara kuu hutiwa chumvi ya kuyeyusha barafu; magari mengi hupasha lami. Kila hoja niliyoipata niliijibu kwa hoja nyingine, na kila nilipotaka kufungua kinywa niliona kwamba sina hakika kamili. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumeshaondoka na mji hauonekani. Mtu asiyejua lolote angepiga kelele. Mimi nilijua nusu, nikanyamaza.

Mbele ya Hudiksvall

Mpaka leo naona ajabu kwamba, tulipokwisha kuupita mji huo, barabarani hakukuwa na ishara yoyote. Lami ilikuwa nyeusi na iling'aa kama lami yoyote iliyonyeshewa. Matawi ya misonobari kando ya njia yalikuwa yamevikwa kitu kama kioo. Niliyaona, nikayasifu moyoni kwa uzuri wake, na sikuyaunganisha na lami.

Lori lililokuwa mbele yetu liligeuka. Halikupinduka wala halikugonga kitu. Liligeuka taratibu, kama mlango unaofunguliwa na upepo, mpaka ubavu wake wote ukawa umeziba njia. Mzee alikanyaga breki. Hakuna kilichotokea. Neno "kuteleza" halitoshi, kwa maana mtu anayeteleza huhisi kwamba kuna kitu chini yake. Sisi hatukuwa na kitu chini yetu. Matairi yetu ya majira ya baridi, yenye misumari ya kushika barafu, yalitoa mlio mwembamba wa kukwaruza, na gari likaendelea kwenda kuelekea lori kwa mwendo uleule, sisi watatu tukiwa tumekaa kimya ndani yake kama watu walio kwenye lifti.

"Yezu," Mama alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mzee aliacha breki, akageuza usukani kulia, na gari likalalia ukingo wa chuma wa barabara, likausugua kwa ubavu wake kwa urefu ambao sikuupima, likasimama. Kati ya pua ya gari na gurudumu la lori palikuwa na nafasi ya kupitisha meza ya kulia chakula. Nyuma yetu tulisikia chuma kikikutana na chuma, mara moja, mara mbili, kisha mbali zaidi mara ya tatu. Kisha ikawa mvua tu, ikianguka juu ya paa kwa sauti ya mchele unaomwagwa sinia.

Nilitazama kipimajoto cha gari. Kilionyesha nyuzi moja juu ya sifuri. Nilichokiandika kilikuwa sahihi. Nadhani hicho ndicho kilichonivunja, kwamba kila neno la mistari yangu minne lilikuwa la kweli.

Tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa nne. Tulikula maandazi yote. Hakuna aliyezungumza juu ya utabiri, na mimi nilisubiri waanze.

Ukumbi wa michezo wa shule

Wazima moto walituondoa mmoja mmoja na kutupeleka katika kijiji kilicho karibu, ambapo wanakijiji walikuwa wamefungua ukumbi wa michezo wa shule. Gari la Mzee lilivutwa hadi uwanja wa nje. Umbali kutoka gari la wazima moto hadi mlangoni ulikuwa hatua thelathini, na hapo ndipo tulipokutana na Gunilla.

Gunilla ni mwanamke wa miaka sitini hivi, dereva wa lori la kumwaga mchanga barabarani ili matairi yashike barafu, aliyekuwa ameingia kunywa kahawa kabla ya kurudi kazini. Alimwona Mama Consolata akiwa ameshika nguzo ya mlango wa gari kwa mikono miwili, akajipapasa mfukoni, akaja, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumvisha soksi nene za sufu juu ya viatu.

Mama alishtuka, akanigeukia. "Anafanya nini huyu? Ananivisha soksi juu ya kiatu kama maiti?"

"Muulize, Mama."

Alimwuliza. Gunilla alijibu kwa maneno machache mno: sufu hushika barafu. Mama aliweka mguu chini, akajaribu hatua moja, ya pili, kisha akaenda hadi mlangoni akiwa wima kama bibi harusi. "Miaka kumi na tisa niko nchi hii," alisema akigeuka, "na hakuna aliyewahi kuniambia." Baadaye nililifikiria sana hilo. Kila mwenyeji hulijua, kwa hiyo hakuna anayelisema.

Ndani walitupa tambi na soseji. Mama alikula kidogo, akazunguka jikoni, akarudi akiwa na uamuzi. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakilia, na mzee mmoja aliyekataa kila chakula. "Kaka, niletee unga. Vikombe viwili tu. Bella hatanidai vikombe viwili."

Nilisimama niende mimi. Mzee alinikalisha kwa mkono begani. "Kaa, binti. Umechoka kutazama hiyo simu. Nje ni juu ya sifuri, umesema mwenyewe."

Nilipaswa kumshika koti. Nilikuwa tayari nimeona kwa macho yangu ardhi ilivyo. Lakini aliyasema maneno yangu kwa imani kiasi kwamba kwa sekunde mbili au tatu nami niliyaamini, na sekunde hizo zilimtosha kufika mlangoni.

Hatukusikia kishindo. Tulisikia mbwa wa kijijini akibweka, na mtu akiita kwa Kiswidi. Mzee Nestori alikuwa amelala chali kando ya gari, mfuko wa unga umekumbatiwa kifuani, haujapasuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

"Unga mzima," aliniambia nilipomfikia nikitambaa. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Mwambie Konsolata unga mzima."

Gari la wagonjwa lilichukua muda mrefu kufika, kwa sababu lenyewe lilikuwa likitembea kwa mwendo wa mtu. Tulimfunika kwa makoti na kwa kile kitenge kipya. Mama alichuchumaa kichwani pake, soksi za Gunilla juu ya viatu vyake, akimshika masikio ili yasipoe. Mvua ilikuwa ikitunyeshea sote.

Walipomwingiza garini, Mama aliweka mguu kwenye ngazi amfuate. Mzee akamzuia kwa kidole.

"Wewe una mlango wa kusimama. Nenda kwenye mlango wako."

"Kwa njia gani, kaka? Barabara imefungwa."

Gunilla alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alielewa kiasi gani; labda alielewa jina la mji na uso wa mama. Alisema barabara imefungwa kwa magari, haijafungwa kwa anayeifungua. Alfajiri atapanda kaskazini akimwaga mchanga hadi mwisho wa kipande chake cha barabara, na pembeni yake kuna kiti kimoja. Mwisho wa kipande chake huanza kipande cha mwenzake.

Kwa hiyo tuligawanyika. Mama alibaki na unga. Mimi nilipanda na Mzee.

Hospitali, upande tuliotoka

Walimrudisha Mzee kusini, Hudiksvall, mji ambao asubuhi tulikuwa tumeupita bila kusimama. Nyonga ilikuwa imevunjika. Katika ukumbi wa mapokezi kulikuwa na watu wengi wenye viwiko na vifundo vya miguu vilivyovimba, wote wakiwa wameanguka siku ileile, na nilijikuta nikiwatazama mmoja mmoja na kujiuliza nani alimsomea kila mmoja utabiri. Ni fikra ya kipuuzi. Niliifikiri hadi asubuhi.

Saa moja na dakika hamsini, Alhamisi, Mzee akiwa anasubiri kupelekwa kwenye upasuaji wake mwenyewe, simu yake iliita. Alikuwa Bella. Alikuwa ametuunganisha sote: yeye mwenyewe, mama yake, na sisi. Muuguzi wa Umeå alikuwa amemshikia simu karibu na uso. Upande wa Mama tulisikia ngurumo ya lori, kisha ngurumo ikazimika. Gunilla alikuwa amesimamisha lori katikati ya barabara kuu tupu na kuzima injini.

Mama alianza kuomba kwa Kirundi. Sikuelewa maneno, ila majina. Mzee aliitikia akiwa amefumba macho, mkono wake umenishika kifundo cha mkono. Kisha tukasikia magurudumu ya kitanda, na sauti ya Bella, ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mama yake kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswidi, ikasema kwa Kiswahili kidogo, cha kitoto, kama kitu kilichotolewa chini ya sanduku:

"Mama, uko mlangoni?"

Mvua ilisikika juu ya paa la lori.

"Niko mlangoni, mwanangu," Mama alisema. "Pita."

Simu ikakatika upande wa Bella. Sisi wengine tulibaki tukipumua. Kisha Mama akasema, bila kumwambia yeyote, "Nimemdanganya mtoto wangu," na Gunilla akawasha injini.

Hapo ndipo nilipomwambia Mzee. Nilimwambia habari ya mistari minne na ya sentensi niliyoikata. Nilimwambia pia habari ya Gävle, kwamba nilijua na nikanyamaza. Nilizungumza kwa mpangilio, hoja baada ya hoja, kama ninayetetea tasnifu, ila nikitetea upande wa kushindwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua simu yake, akatafuta kitu ndani yake kwa kidole gumba, akanipa.

Ilikuwa taarifa ya onyo, ya Jumatano, kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa kwa Kiswidi, ikiwa na pembetatu ya rangi ya machungwa. Barafu barabarani, pwani ya kaskazini, epuka safari zisizo za lazima. Kila kitu kilikuwamo.

"Ilipiga kelele nikivaa viatu," alisema. "Hawa wanaonyaka hata juu ya upepo. Nikaifunga, nikafungua ya kwako."

Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa au kulaumiwa. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Siku zote nilidhani kazi yangu ni kuwapa watu kitu wasichokuwa nacho. Kumbe walikuwa nacho, na mimi niliwapa sababu ya kukifunga.

"Binti," alisema, "hilo joto unaloandika, wanalipimaka wapi?"

"Mita mbili juu ya ardhi, Mzee."

"Na sisi tunatembea wapi?"

Wauguzi walikuja kumchukua kabla sijajibu.

Lori hadi lori, kama alivyonisimulia Mama

Sikuwapo, kwa hiyo naandika kwa ufupi. Gunilla alimfikisha mwisho wa kipande chake, mahali penye nguzo na kibanda cha mabasi, ambapo lori jingine lilikuwa likingoja taa zikiwaka. Dereva wa pili alikuwa kijana asiyesema neno, aliyempa nusu ya mkate wake wenye jibini. Wa tatu alitoka Bosnia; alimwuliza amekimbia vita gani, wakalinganisha. Walimpokezana hivyo kama barua, mbele yao barafu, nyuma yao mchanga, hadi ambapo mabasi yalikuwa yameanza tena kutembea.

Mtoto alizaliwa saa mbili na nusu, wa kike, mzima. Mama Consolata alifika saa nane mchana. Aliingia wodini akiwa na mfuko wa unga mabegani, na soksi za sufu, sasa nyeusi kwa matope, zikiwa bado juu ya viatu. Bella alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mamma," alisema, akirudi kwenye Kiswidi chake, "umevaa nini?"

Mama aliniambia kwamba alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, lori baada ya lori, na hakupata nafasi ya kuyasema, kwa sababu wote wawili walicheka hadi muuguzi akaja kuwakemea kwa ajili ya mshono.

Je, Bella alijua kwamba mama yake hakuwa mlangoni? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Alisikia injini, na alisikia mvua. Nadhani alijua kabla hajauliza.

Kurudi

Nilirudi na Mzee kwa treni baada ya siku tisa, yeye akiwa na magongo mawili na ucheshi wake wote. Uppsala alininong'oneza kwamba kwa kuwa sasa ana chuma nyongani, kiwanda kitamhesabu kama kipuri. Tulipokelewa kituoni na mpwa wake mwingine, na yeye akakataa kushuka mpaka nilipotangulia kukanyaga jukwaa la kituo na kumwambia likoje.

Kwa majuma mawili sikuandika utabiri. Kisha Jumapili moja Mama Consolata alinipigia kutoka Umeå, sauti ya mtoto nyuma yake. "Mwanangu, tunavaa koti gani huku?" Nikaelewa kwamba Mzee alikuwa amemwambia yote, kwamba huo ulikuwa msamaha, na kwamba ulikuja na sharti la kuandika tena.

Jumatatu niliandika mistari kumi na mmoja. Sentensi ya mwisho ya utabiri niliiweka ya kwanza: theluji mpya iliyoanguka juu ya barafu ya zamani huificha. Nilisema kwamba hewa ya vuguvugu imeondoka. Kwamba kesho na keshokutwa nchi itakuwa chini ya anga wazi, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri hadi pwani ya kaskazini. Na kwamba aliye na taarifa ya onyo ya Kiswidi aisome hiyo kwanza, yangu baadaye. Nikasubiri mtu aseme ni nyaraka za Mtume Paulo.

"Amina," aliandika Mama Consolata. "Baridi ni baraka."

Wengine wakafuata, Amina kwa Amina. Wa mwisho alikuwa Mzee Nestori, ambaye tangu siku ile huniandikia maneno mawili kila asubuhi, hata kabla sijafungua utabiri, nami siandiki lolote kundini kabla sijamjibu:

"Na ardhi?"